Ufukwe Ulio Karibu: Mapumziko ya Mwisho wa Juma Pamoja na Watoto Wadogo

*Haya ni maandishi ya mazungumzo aliyoyatoa Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wazazi na walezi wa watoto wadogo, kabla ya likizo ya mwezi Juni. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wakazi wa kata ambao hawakuweza kuhudhuria.*



Mmezoea kuniona nikisimama mbele yenu na habari za miradi: kisima kilichochimbwa, madarasa yaliyokamilika, siku ya chanjo katika zahanati. Leo nimeombwa nizungumzie jambo ambalo halina jiwe la msingi wala utepe wa kukatwa. Nimeombwa nizungumzie mapumziko. Huenda mzee mmoja pale nyuma anajiuliza moyoni, "Mapumziko nayo yamekuwa huduma ya halmashauri?" Namwomba anivumilie kidogo, kwa sababu ndani ya jambo hili kuna uhai wa watoto wetu.

Nianze na nyumba yangu mwenyewe. Mwaka jana nilimwahidi binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka minne, kwamba likizo ikifika nitampeleka Dar es Salaam akaione bahari. Alikuwa ameiona katika simu ya jirani, na tangu siku hiyo kila karai la maji alilolikuta uani lilikuwa bahari. Likizo ikafika. Ada ya kaka yake mkubwa ikaja, mbegu za alizeti zikadai deni lake, na ahadi yangu ikabaki hewani. Kutoka Singida hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 700. Nauli ya familia, malazi na chakula vilikuwa vimepita uwezo wa mshahara wangu.

Nilijisikia vibaya, kwa maana mtoto wa umri ule haelewi bajeti. Anaelewa ahadi. Bibi yao, mama yangu mzazi, ndiye aliyenitoa katika aibu. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kwani Kindai imekauka?"

Maji yaliyo mlangoni petu

Ndugu wazazi, Mkoa wetu uko katikati ya nchi, mbali na bahari, lakini si mkoa usio na fukwe. Mji wa Singida umekaa kati ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Ziwa Singida upande wa kaskazini na Ziwa Kindai upande wa kusini, na kando yake yamesimama yale majabali ya mawe ambayo mgeni huyapiga picha na sisi tunayapita bila kuyatazama. Wenzetu wa Iramba wanalo Ziwa Kitangiri, ziwa la wavuvi. Wenzetu wa Mkalama wanapakana na Ziwa Eyasi, lililo katika Bonde la Ufa, ambako Wahadzabe wameishi vizazi na vizazi.

Basi tulikwenda Kindai. Tuliondoka nyumbani Jumamosi alfajiri, mimi, mama watoto, bibi yao na watoto wawili: binti yule, na mdogo wake wa kiume aliyekuwa na miaka miwili. Tulipanda gari la abiria hadi mjini, tukaweka mizigo kwa shangazi yangu ambaye alitukaribisha kulala, kisha tukashuka ziwani kabla jua halijawa kali. Katika kikapu tulikuwa na kuku wa kienyeji aliyekaangwa usiku, viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, ndizi mbivu na maji ya kunywa yaliyochemshwa. Gharama ya siku zote mbili haikufika nauli ya mtu mmoja kwenda Dar es Salaam.

Asubuhi ile heroe walikuwapo, wale ndege warefu wa rangi ya waridi ambao wengi wetu tunawaita flamingo. Hawapo siku zote, kwani huhama wakifuata maji na chakula. Binti yangu alisimama kimya, jambo ambalo kwake ni nadra. Kisha akaanza kuuliza. Kwa nini wana rangi ile? Kwa nini wanakula wakiwa wameinamisha kichwa, mdomo ukiwa juu chini? Nikamweleza nililolijua: kwamba rangi ile hutoka katika chakula chao, mimea midogo mno iotayo katika maji ya magadi, ambayo huichuja kwa mdomo, kwamba kifaranga wa heroe huanza maisha akiwa na rangi ya kijivu, na kwamba heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana zaidi katika Ziwa Natron, hapa hapa Tanzania. Kwa saa nzima hakuulizia bahari.

Mwalimu wa darasa la awali atawaambia kuwa hilo lilikuwa somo. Mwezi Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Programu hiyo inasimama juu ya mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Mzazi anayeketi kando ya maji na mwanawe, akamlisha, akamjibu maswali yake na kumlinda, ameyagusa karibu yote kwa siku moja. Aidha, Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991, unatamka katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Kumbe mchezo si anasa ya watoto wa mjini.

Dakika ile moja

Sasa niwaambie sehemu ambayo sikupenda kuisema hadharani. Mama watoto ndiye aliyenisihi niiseme.

Ilikuwa kama saa tano. Tulikuwa tumekula. Bibi alikuwa amesinzia chini ya kivuli cha mwamba. Mimi nilitoa simu ili nipige picha ya heroe, kisha ujumbe ukaingia, nami nikaanza kuujibu. Mama watoto alikuwa amegeuka kufunga kikapu. Mimi nilidhani yeye anamtazama mtoto mdogo. Yeye alidhani mimi ninamtazama. Watu wazima watatu tulikuwa pale, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akimwangalia.

Hatukusikia kilio, wala hatukusikia maji yakirushwa. Binti yangu ndiye aliyesema kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anataja jambo la kuchekesha, "Baba, mdogo wangu amelala kwenye maji." Nilipogeuka alikuwa hatua sita kutoka nilipoketi. Miguu yake ilikuwa imenasa katika tope, ameanguka kifudifudi, na maji pale hayakufika hata goti langu.

Nilimtoa. Alikohoa, akatapika maji, akalia. Kwangu kilio kile kilikuwa kizuri kuliko wimbo wowote. Tulimpeleka kituo cha afya siku hiyo hiyo, wakamsikiliza kifua, wakatuweka kwa muda ili wamwangalie, kisha wakaturuhusu. Usiku ule mimi na mama watoto hatukulaumiana. Tulikaa kimya tukisikiliza pumzi za mtoto.

Kwa kazi yangu ninasoma taarifa nyingi, lakini zile za kuzama nilikuwa nikizisoma kama habari za watu wengine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa Siku ya Kimataifa ya Kuzuia Vifo vya Kuzama. Mtoto mdogo hahitaji kina kirefu. Kichwa chake ni kizito kwa kulinganisha na mwili wake, na akianguka kifudifudi hana nguvu ya kujiinua. Maji ya kiasi cha kufunika pua na mdomo yanatosha: ya ziwa, ya lambo la ng'ombe, ya ndoo jikoni. Naye hapigi kelele, kwa sababu anayezama hana pumzi ya kupigia kelele.

Zamu ya macho

Siku ya pili, Jumapili, nilitaka turudi nyumbani mapema. Bibi akakataa. Alisema tukirudi na hofu, watoto watajifunza kuyaogopa maji bila kujifunza kujilinda nayo, na sisi tutakuwa hatujajifunza lolote. Akatupangia zamu, kama wachungaji wanavyopangiana kulinda mifugo. Alivua kitenge chake cha mabegani na kusema: "Aliyevaa hiki ndiye mwenye macho. Hapiki, hashiki simu, hapigi soga. Akichoka, amvishe mwenzake na kumwambia kwa mdomo: sasa ni wewe."

Tulikwenda Ziwa Singida tukiwa na kitenge kile, na siku hiyo ndiyo niliyopumzika kwa kweli. Jumamosi nilikuwa nimepumzika nusu na kulinda nusu, nikashindwa yote mawili. Jumapili, nilipokuwa na zamu, nililinda kwa moyo wote. Zamu yangu ilipokwisha, nililala chali kivulini, nikafumba macho bila wasiwasi, kwa kuwa nilijua kwa hakika ni nani anayetazama.

Ndugu wazazi, kama mtasahau mengine yote niliyoyasema leo, naomba mkumbuke hili. Watu wengi wakiwa pamoja na watoto, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Mtoto wa wote huwa si wa mtu. Mpeni mtu mmoja zamu, aijue, na wengine waijue. Ndipo wengine wapumzike. Jambo hili ni la ufukweni, na pia ni la harusini, msibani, na siku ya mavuno ambapo watoto hucheza karibu na kisima.

Mwenye zamu akae umbali wa mkono. Maana yake ni kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano akiwa majini au ukingoni mwa maji, mkono wako uweze kumgusa bila kupiga hatua. Zamu isizidi nusu saa, kwa kuwa macho huchoka. Wala asipewe mtoto wa miaka minane amlinde wa miaka miwili. Dada mdogo anaweza kusaidia kuita, kama binti yangu alivyotusaidia, lakini dhamana si yake.

Mambo ya kuzingatia kabla ya kufunga kikapu

Wengi mmeniuliza kwa njia ya simu mambo ya kawaida ya safari. Nitayajibu kwa ufupi.

Kwanza, kuhusu maji yenyewe. Maji ya Singida na Kindai yana chumvi na magadi. Hayanyweki, nayo huwasha macho na vidonda. Bebeni maji safi ya kumsuuza mtoto. Kingo zake pengine ni tope linalonata, na mawe yaliyolowa huteleza. Watoto wadogo wachezee mchanga na maji ya kwenye beseni mliyoteka, pembeni kabisa ya ziwa. Starehe yao ni ile ile.

Pili, maziwa ya maji baridi, mito na malambo yana hatari zake. Maji yaliyotulia yenye majani na konokono yanaweza kuwa na vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi ya anayeoga au kukanyaga majini. Palipo na viboko au mamba, ufukwe si mahali pa kuchezea. Ulizeni wavuvi wa mahali hapo kabla ya kutandika mkeka. Mtoto akionekana kukojoa damu baada ya kucheza katika maji ya namna hiyo, apelekwe zahanati. Dawa ya kichocho ipo na inatibu.

Tatu, jua na upepo. Mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Upepo wake hudanganya: mwili unahisi baridi huku jua likiunguza ngozi. Nendeni asubuhi, pumzikeni kivulini saa za mchana, rudini ukingoni alasiri. Mtoto avae kofia na shati la mikono mirefu, anywe maji mara kwa mara hata kama hajaomba. Mwezi Juni na Julai beba sweta, jioni utanishukuru.

Nne, usafiri. Ninawasihi akina baba wenzangu, tusiwapakie mama na watoto wawili nyuma ya bodaboda moja kwa mtindo wa mishikaki kwa sababu tu safari ni fupi. Afadhali kuchelewa kwa kusubiri gari.

Tano, usafi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo chukueni vikapu na vyombo vya kurudi navyo. Mifupa ya kuku na maganda ya ndizi vifungeni mrudi navyo. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukiona mtu anajenga au analima hadi majini, toa taarifa kwa mtendaji. Anapunguza mahali pa wajukuu wako pa kukaa.

Na je, mwenye uwezo wa kwenda baharini? Nenda, tena kwa furaha. Tangu mwaka 2024 treni ya mwendokasi inabeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam, hivyo safari imekuwa nyepesi kwa mwenye watoto. Lakini jua kwamba bahari si ziwa. Maji hupwa na kujaa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua hujaa zaidi na kupwa zaidi. Mahali ulipomwacha mtoto akijenga nyumba ya mchanga saa nne panaweza kuwa ndani ya maji saa nane. Waulize wenyeji saa za maji kujaa, na kitenge cha zamu usikiache nyumbani.

Ikitokea

Sipendi kumalizia kwa hofu, ila halmashauri haingenisamehe nisipolisema hili. Mtoto akitolewa majini, msimning'inize kichwa chini wala msimkamue tumbo. Tumeyaona haya yakifanywa kwa nia njema, nayo hupoteza muda na kuweza kumdhuru. Mmoja apige kelele za msaada na simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mwingine amlaze mtoto chali mahali pagumu na kutazama kama anapumua. Kama hapumui, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi mdomoni mara tano kiasi cha kifua kupanda. Kisha bonyeza katikati ya kifua chake mara 30 kwa haraka, mpe pumzi mbili, na endelea hivyo bila kukoma hadi apumue au msaada ufike. Hata akizinduka na kuomba uji, mpelekeni kituo cha afya, maana mapafu yaliyoingia maji yanaweza kusumbua saa kadhaa baadaye. Mwombeni mhudumu wa afya awaonyeshe kwa vitendo. Kusikia kwangu mimi peke yangu hakutoshi.

Mheshimiwa Diwani, ndugu wazazi, namalizia. Mwanangu yule sasa ana miaka mitatu. Hakumbuki chochote. Anachokijua ni kwamba kuna mahali panaitwa Kindai ambako ndege hula wakiwa wameinamisha vichwa, na kwamba tukienda huko mtu mmoja huvaa kitenge cha bibi. Dada yake bado anaidai bahari, nami bado ninadaiwa. Nitailipa siku moja, Mungu akipenda. Hata hivyo wiki iliyopita aliniuliza ni lini tutakwenda tena kuwaona heroe, na safari hiyo ipo ndani ya uwezo wangu.

Likizo inakuja. Tengeni Jumamosi moja. Kaangeni kuku, chemsheni viazi, chukueni mkeka, mshuke kwenye maji yaliyo karibu nanyi. Kabla ya kukaa chini, ulizaneni kwa sauti: zamu ni ya nani?